Seti ya bustani ya dirishani na seti ya kroshia: moja imenitia hasara, nyingine imeokoa kiangazi

Nyota naziweka hapa juu kabisa maana najua wengi wetu hatufiki mwisho. Seti ya bustani ya dirishani nyota 2 kati ya 5, na moja kati ya hizo mbili ni ya saladi peke yake. Seti ya kroshia ya wanaoanza nyota 4, ingekua 5 kama sio kile kikaratasi cha maelekezo, nacho ntakifikia. Zote mbili niliagiza mtandaoni kwa mpigo mmoja, majina ya kampuni siyataji na wala hayana umuhimu, hizi seti ukishaiona moja umeziona zote, boksi la kuvutia, picha ya mtu anacheka kashika nyanya au kakumbatia mwanasesere, ndani vitu ni vile vile. Kwahiyo hata kama unaangalia ya kampuni ingine haya yanakuhusu.

Mpango wenyewe ulikua mzuri tu, mchana bustani, jioni kroshia, kiangazi kinaisha nina nyanya zangu na kablanketi juu. Ila jua likagoma. Yaani kiangazi gani hiki mtu unaamka unatafuta soksi, mawingu toka asubuhi, manyunyu yasiyoisha wala kukolea, jua likichomoza kidogo unakimbia kutoa vyungu nje, hujamaliza kuvipanga limeshafunikwa. Haya, najua imeshawahi kua mbaya zaidi, 1816 huko Ulaya na kaskazini mashariki mwa Marekani kiangazi hakikuja kabisa, mlima Tambora kule Indonesia ulikua umelipuka mwaka uliotangulia ukachafua anga, theluji ikaanguka mpaka mwezi wa sita na mazao yakafia mashambani. Basi tushukuru. Ila wale wa 1816 hawakulipia boksi limeandikwa "mavuno ya uhakika".

Tuanze na hiyo bustani. Ndani kuna vyungu vidogo vya plastiki, vidonge vya udongo mkavu, trei yenye mfuniko unaoonyesha, vibao vya kuandikia majina na pakiti tano za mbegu: nyanya ndogo, pilipili, rehani, saladi na figili. Vidonge vya udongo navisifia bila kinyongo, unakimwagia maji ya uvuguvugu kinavimba mbele ya macho yako mpaka kinakua kirefu mara kadhaa ya kilivyokua, hamna uchafu, hamna kubeba gunia la udongo kupanda nalo ngazi. Vyungu vina matundu chini, hilo ni jambo la maana kuliko rangi na maua waliyochora, maana kuna seti zinauzwa vyungu havina hata tundu moja, maji yanatuama mizizi inaoza we unadhani mmea una kiu unaongeza mengine. Ila sasa matundu yapo, visahani vya kukingia maji havipo! Dirisha likaota madoa.

Mfuniko ndo tatizo la kwanza kubwa. Maelekezo yanasema uache trei imefunikwa mpaka miche iguse plastiki. Jamani, hapana. Mfuniko ni wa kuhifadhi joto na unyevu mpaka mbegu ichipue, ikishachipua unatoa, kwasababu miche midogo ikikaa kwenye unyevu bila hewa kuzunguka inapata kinyausi. Anaekijua kinyausi anajua uchungu wake, jioni miche imesimama vizuri, asubuhi imelala yote upande mmoja, ukiangalia kwa karibu unaona shina limebana pale pale linapotokea kwenye udongo, limekua jembamba kama limefungwa uzi, na rangi imekua ya kahawia ya majimaji. Hapo hakuna dawa ya kuinua tena. Kinaletwa na vimelea vya kwenye udongo uliolowa, na hali ya hewa ya baridi na mawingu inavisaidia kwasababu mche unakua taratibu unakaa muda mrefu kwenye umri wa hatari. Sasa mtu anaeanza, ambae ndo seti imetengenezwa kwa ajili yake, anafuata maandishi neno kwa neno anapoteza nusu ya trei alafu anajiona hana mkono wa kupanda.

Iliyobaki ikarefuka. Mwanga ukiwa kidogo mche unajinyoosha kuutafuta, unapata shina refu jembamba na majani mawili huko juu, na dirisha hata liwe zuri vipi siku ya mawingu mwanga wake ni mdogo kuliko macho yetu yanavyodhani. Nyanya angalau zina msamaha, ukihamishia kwenye chungu kikubwa unalizika shina mpaka karibu na majani na linaotesha mizizi upya hapo hapo ubavuni. Saladi ukifanya hivyo shina linaoza tu.

Na neno chungu kikubwa ndo linaloniudhi zaidi. Vyungu vya kwenye seti ni vya ukubwa wa kikombe. Mmea wa nyanya hata zile ndogo unataka chombo cha angalau lita 10, ukiupa 20 utakushukuru zaidi, unataka mti wa kuegemea, unataka udongo mwingi wenye rutuba na mbolea kila baada ya muda kwasababu kwenye chombo virutubisho vinaoshwa na maji. Hamna popote kwenye boksi wamesema hayo. Kwahiyo umenunua seti "kamili" alafu unarudi dukani kununua vyungu, udongo, mbolea na vijiti, yaani seti ilikua ni tiketi ya kuingilia tu.

Haya tufanye umenunua vyote. Usiku wa baridi unakuja. Nyanya joto la usiku likishuka chini ya kama sentigredi 13 chavua haifanyi kazi vizuri, ua linanyauka kwenye kile kifundo cha kikonyo linadondoka zima zima, unakuta maua ya njano yamelala chini na kwenye mti hamna kitu. Unyevu ukizidi nao unafanya chavua igandamane isidondoke. Ukitaka kuisaidia gongagonga kikonyo cha maua kidogo kwa kidole mchana pakiwa pamekauka, kuna watu wanatumia mswaki wa umeme kukitikisa na sio utani, nyanya inajichavusha yenyewe ila inahitaji mtikisiko, upepo au nyuki. Rehani yeye ndo kabisa, hana subira na baridi, ikikaribia sentigredi 10 majani yanaanza madoa meusi, na ile yangu ilijiondokea mapema bila kuaga. Pilipili ilibaki hai lakini ilikaa vile vile, haikui haifi, inakuangalia tu.

Nilichovuna kweli kweli ni saladi na figili, na hapa ndo hoja yangu nzima kuhusu hii seti: wamechagua mbegu kwa picha, sio kwa hali ya hewa. Saladi inapenda ubaridi, kukiwa na joto kali ndo inarefuka haraka kutoa maua na mbegu na majani yanakua machungu, kwahiyo kiangazi kilichotuharibia sisi kwake kilikua sikukuu, nilikua nakata majani ya nje naacha moyo, baada ya siku kadhaa yamerudi. Figili ni za haraka, wiki nne hivi toka mbegu mpaka mezani kama udongo una unyevu, ila kwenye vile vikombe zilitoa majani mengi na vichwa vidogo vya kuchekesha, zikipandwa kwenye boksi lenye kina zinanenepa. Wangeweka saladi za aina mbili tatu, spinachi, njegere na giligilani, mtu angekula bila kujali jua. Lakini picha ya spinachi juu ya boksi haiuzi, najua.

Mwisho wa nyanya zangu sasa, maana watu wataniuliza. Zile chache zilizoshika zikakaa za kijani, alafu majani yakaanza mabaka ya kahawia iliyokolea yenye ukingo wa kijani kilichopauka, ukigeuza jani asubuhi unaona utando mweupe kama unga pembeni ya baka, na shina likapata madoa meusi. Huo ndo ugonjwa unaoitwa bakajani chelewa. Ukiuona huo utando usijidanganye, toa mmea wote, funga kwenye mfuko, usiuache pembeni ya mingine wala usiutupe kwenye lundo la mboji la wazi. Matunda ya kijani ambayo bado ni safi unaweza kuyaivisha ndani, weka kwenye boksi na ndizi mbivu moja, ile hewa inayotoa ndizi inaharakisha, usiweke kwenye friji. Yenye doa la kahawia yataoza tu hata uyabembeleze. Wakulima wa Uingereza wana kipimo cha kuwashtua mapema: siku mbili mfululizo joto lisishuke chini ya 10 na kila siku angalau masaa 6 ya unyevu wa asilimia 90 kwenda juu, hapo ugonjwa uko njiani. Kwa kiangazi hiki kipimo hicho kilikua kama ratiba ya kila wiki.

Sasa sikilizeni hii maana ndo inanipeleka kwenye seti ya pili. Kinacholeta bakajani chelewa kinaitwa Phytophthora infestans, na ndo hicho hicho kilichoingia kwenye viazi vya Ireland 1845 kikaleta ile njaa kubwa, watu kama milioni moja wakafa na milioni ingine na zaidi wakahama nchi. Katikati ya njaa hiyo masista kwenye nyumba zao na wanawake wenye uwezo wakawa wanawafundisha wanawake na wasichana wa familia zilizoharibikiwa kufuma lesi kwa kroshia, ikawa inauzwa kwa matajiri wa nje, na nyumba nyingi zikapata chakula kwa hiyo kazi. Sindano moja yenye ndoano kichwani na uzi mwembamba wa pamba, basi, hamna mtambo hamna karakana, ndo maana iliwezekana. Lesi hiyo mpaka leo inaitwa kroshia ya Ireland. Kwahiyo mimi na nyanya zangu zilizooza tulikua kwenye mkondo wa kihistoria, ingawa wenzetu walikua wanaokoa maisha mimi nafuma kobe.

Ndio, kobe. Seti ya kroshia inakuja na sindano ya milimita 4 yenye mpini laini, mabonge matatu ya uzi wa akriliki wa unene wa kati, vibanio vya alama, sindano butu ya kufichia nyuzi, pamba ya kujazia, macho mawili ya plastiki na paterni, yaani maelekezo ya kufuma, ya mwanasesere kobe. Sindano yenyewe nzuri kweli, kichwa cha aluminiamu uzi unateleza bila kukwama na mpini haukatii vidole. Zile za plastiki tupu zinazokuja na seti nyingi zikikutana na akriliki zinakwaruza na kutoa kamlio kanakera, na za mwanzi zinashika uzi sana, zinafaa kama vitanzi vyako vinaponyoka. Uzi nao ni laini, umesokotwa vizuri haupasuki pasuki, na rangi ni za kung'aa, hilo nawapa hongera kwasababu anaejifunza akipewa uzi mweusi au wenye manyoya haoni tundu la kuingiza sindano, anakata tamaa kabla hajaanza.

Ila kobe kua kazi ya kwanza, hapana. Wanasesere wa aina hii, amigurumi wanavyoitwa kwa Kijapani, wanafumwa kwa kuzunguka bila kuunganisha mizunguko, unaanza na stichi 6, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24, kila mzunguko unaongeza 6. Ni hesabu nzuri ukishaielewa, kiduara kikianza kujikunja kama bakuli umeongeza pungufu, kikianza kua na mawimbi umezidisha, lakini yote hayo yanaanza na ile pete ya uzi inayokazwa katikati, na hiyo pete ndo inatoa watu machozi. Paterni haisemi kwamba kuna njia ya mkato: fuma minyororo miwili, alafu stichi zote 6 ziingize kwenye mnyororo wa pili kutoka kwenye sindano. Kanabaki katundu kadogo sana, na kama sindano yako inabana hakaonekani kabisa.

Na kibanio cha alama sio pambo. Weka kwenye stichi ya kwanza ya kila mzunguko, uhamishe ukifika, la sivyo kwenye kuzunguka huko hujui ulipoanzia wala unapoishia.

Shangazi yangu ambae amefuma toka zamani alinikuta navutana na huo uzi akasimama nyuma yangu kimya, alafu akasema, "Mwanangu, mbona unaukaba hivyo, uzi unakukimbilia wapi?" Nikamwambia nimefuata karatasi shangazi. Akacheka, akaninyang'anya sindano, akanionyesha uzi unavyopita juu ya kidole cha shahada, unazunguka kidole kidogo mara moja tu, kidole ndo kinaamua ulegee au ukaze, sio ngumi. Alafu akasema kobe nimweke pembeni nifume kwanza kipande cha mraba. Ushauri wa bure, na umenifundisha zaidi ya boksi lote.

Kwenye huo mraba ndo karatasi ya maelekezo ikajionyesha rangi zake. Inasema fuma mistari kumi, geuza, endelea. Haisemi kuhesabu. Ukifuma unaona kipande kinaanza kupungua upande mmoja mpaka kinaelekea kua pembetatu, wanaoanza wote mnajua hiyo pembetatu, na sababu ni stichi ya mwisho ya mstari ambayo imejificha pembeni ukaiacha. Na kuna hili la mnyororo wa kugeuzia: ukifuma singo kroshia, ile stichi fupi, mnyororo mmoja wa kugeuzia kwa kawaida hauhesabiwi kama stichi, ukifuma dabo, ile stichi ndefu, ile minyororo mitatu mara nyingi inahesabiwa, kwahiyo mstari unaofuata unaanza stichi ya pili na unamalizia juu ya ile minyororo mitatu. Hiyo sentensi moja ingeandikwa kwenye karatasi watu wangeokoa jioni nzima ya kufumua. Dawa rahisi: hesabu kila mstari mpaka mkono uzoee, na weka kibanio stichi ya kwanza na ya mwisho.

Alafu paterni yenyewe haijasema ni ya Kimarekani au ya Kiingereza, na hilo ni kosa kubwa la kitaalamu kwa kampuni inayouzia wanaoanza. Wamarekani wana singo na dabo, Waingereza singo hawana, ile singo ya Wamarekani wao ndo wanaiita dabo, na dabo ya Wamarekani wao ni trebo. Ukikosea hapo kobe anatoka mrefu ana matundu pamba inachungulia. Ukiona paterni ina kifupisho sc (singo) jua ni ya Kimarekani, kama sc haipo popote na imejaa dc (dabo) na tr (trebo), kuna uwezekano mkubwa ni ya Kiingereza.

Macho ya plastiki nayo, kama mwanasesere anaenda kwa mtoto chini ya miaka mitatu usiyaweke, yakichomoka ni ya kumeza, shona macho kwa uzi mweusi inatosha na inapendeza. Kwenye boksi onyo lipo ila kwa maandishi ya kutafuta na miwani.

Pamoja na hayo yote bado nasema nyota 4 na sibadilishi, kwasababu seti ya kroshia ikikosewa unavuta uzi inarudi ilivyokua. Nilifumua nikafuma nikafumua, uzi uko pale pale hauna kinyongo, mvua inanyesha nje mimi naendelea. Mraba ukatoka, ukafuata ule wa mafundo yanayozunguka kutoka katikati ambao kila mtu ana wa bibi yake, nikaongeza, sasa hivi nina kipande cha kufunika magoti, ambacho kwa kiangazi hiki kimefanya kazi kuliko feni. Kobe amemalizika pia, shingo imepinda kidogo, ana sura ya mtu anaedaiwa.

Kama unataka kununua, kwa maoni yangu boksi la bustani liache. Nunua pakiti moja ya saladi na moja ya njegere, chombo chochote chenye kina ukitoboe chini, udongo mzuri, umemaliza. Kroshia unaweza kuchukua seti kama una haraka, ila ukipata sindano moja ya milimita 5, ambayo kwa mkono mgeni ni rahisi kuliko 4, na bonge mbili za uzi laini wa rangi ya kung'aa, hujakosa kitu. Uzi wa blanketi ununue wote siku moja na uangalie namba ya kundi la rangi kwenye lebo, zinatakiwa zifanane, bonge la kundi lingine hata kama jina la rangi ni lile lile ukishalifuma utaona mstari. Akriliki usipige pasi ya moto moja kwa moja, inalegea inakua kama kitambaa kilichochoka na hairudi.

Huduma kwa wateja: wa kroshia niliwaandikia kuhusu paterni wakanijibu ni ya Kimarekani, fupi, nimeridhika. Wa bustani niliwaeleza yote, mfuniko, kinyausi, ukubwa wa vyungu, barua ndefu na picha. Walijibu kwa heshima sana, wakasema wanasikitika na wananitumia mbegu za fidia bure. Mzigo ukafika. Ni rehani, pakiti tatu. Anaezitaka aseme.